Shimo la Filamu

Dada yangu Mignonne hakuingia shimoni. Naliandika hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu hapa Kolwezi maneno mengi yamesemwa juu ya kifo chake, na mimi si mtu wa kupiga kelele. Nilimaliza sekondari hapa hapa mtaani Dilala na kalamu naijua. Basi naandika.

Mignonne alikuwa na malewa kule Mutoshi, penye machimbo. Malewa yake ilikuwa meza moja, sufuria mbili na turubai la kuzuia jua. Wachimbaji walikula kwake bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki kabla ya kushuka. Mmoja wao alikuwa Nkongolo, kijana mrefu mwenye masihara, wa familia ya Kasai iliyoletwa huku na kazi ya migodi tangu enzi za babu zake. Walipendana. Baba yangu alisema hatatoa binti kwa Wakasai. Mama yake Nkongolo, mama Mianda, alisema hatakula chakula cha mkwe asiyejua hata kusalimia kwa Kiluba cha kwao. Wao wawili waliwasikia wazee wote, wakaendelea.

Kisha, asubuhi moja ya masika, baada ya mvua kubwa, shimo la tata Mukalay liliporomoka. Nkongolo alikuwa chini pamoja na wenzake. Udongo wa ukingoni ulishuka na kila kilichokuwa juu yake: meza, turubai, sufuria na dada yangu. Walipofukua, waliwatoa karibu karibu, yeye na Nkongolo.

Msomaji asiye wa huku anahitaji kujua jambo moja. Kwetu mwanamke haingii shimoni. Anaweza kupika, kubeba, kuosha mawe mtoni, kuchekecha, lakini mbele ya kamba ya kushukia anazuiwa. Wachimbaji wanasema mwanamke akishuka, madini yanakimbia na udongo unakasirika. Kwa hiyo kwenye mdomo wa kila shimo yuko mtu wa kamba. Kila anayeshuka anapita mbele yake. Siku ile mtu wa kamba alikuwa Stany.

Tata Mukalay ndiye PDG, maana huku mwenye shimo tunamwita PDG, awe na ofisi au asiwe nayo. Siku ile ile, nje ya chumba cha maiti, watu walipoanza kumtazama kwa macho mabaya, aliinua mikono akasema: "Mwanamuke aliingia. Munataka nifanye nini? Mwanamuke aliingia!" Yakatosha. Mpaka jioni mji mzima ulijua kwamba shimo liliangushwa na dada yangu. Niliwauliza watu kama meza na sufuria nazo zilishuka kwa kamba. Wakanijibu kwamba zilimfuata. Mama Mianda alikataa tusikae kwenye kilio cha mwanawe, na tulipofika aliamuru viti vyetu viondolewe huku tukiwa bado tumesimama.

Mwaka jana akaja Laure, mwanamke mwongoza filamu. Alitoka Lubumbashi na magari, kamera na mabango. Filamu kubwa, ya mapenzi na maafa, ya kwanza ya aina yake mkoani Lualaba. Bango lilibandikwa kwenye mzunguko wa barabara: kijana na msichana wamekumbatiana, nyuma yao mlima mwekundu unaanguka. Nililiona nikiwa juu ya pikipiki. Dereva akasema, "Mama, hii ndiyo ile mambo ya Mutoshi." Hakujua amembeba nani.

Siku chache baadaye Laure alipiga hodi kwangu, miwani ya jua kichwani, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Adolphine, mi njo Laure. Nakuya na heshima yote."

"Heshima iko wapi? Bango iko ku njia tangu Jumapili. Shiye familia tuliiona kama batu ba kupita."

"Pardon, yaya. Nilikuwa nakutafuta. Nataka photo moja ya Mignonne, tujue vile alikuwa anafunga kitambaa ku kichwa."

Nikampa kiti, ila photo sikumpa. Nikamwambia anisimulie filamu yake kwanza. Alisimulia vizuri, mikono ikicheza hewani. Mwanzo wanapendana. Familia zinakataa. Nilivumilia, maana hayo yalikuwa kweli. Kisha akafika mwisho.

"Shimo inaanguka. Nkongolo iko chini. Mignonne anasukuma banaume bote, anashika kamba, anashuka. Anamukuta. Udongo inaanguka tena, na banakufa mu mikono, pamoja. Muziki inapanda. Salle ya cinéma nzima italia, yaya."

"Nani alikuambia alishuka?"

"Tata Mukalay. Njo mwenye anatuongoza ku mambo ya mashimo."

"Mukalay ni mwongo."

"Lakini angalia vile ni muzuri! Mwanamuke mwenye haogope. Bale banasema mwanamuke haingie, filamu itabafunga kinywa."

"Hapa Kolwezi habataona mwanamuke mwenye haogope. Bataona mwenye aliua batu. Weye utarudia Lubumbashi. Mi nabakia hapa, na baba yangu anabakia hapa, na kaburi ya dada yangu iko hapa."

Laure alisema neno ambalo sitalisahau, na alilisema kwa upole kabisa.

"Yaya, akikufa juu, pa sufuria, ni accident tu. Hakuna filamu."

"Dada yangu alikufa pa sufuria yake," nikamjibu. "Kama ni kidogo kwako, mutafute mufu mwingine."

Aliondoka bila photo. Pikipiki yake ilipokuwa inageuka alisema kwamba milango ya mahali pa kupigia picha iko wazi kwangu siku yoyote, nikae, nione kwamba hakuna ubaya.

Wiki ile ile nilimkuta mama Mianda sokoni. Anakaa mitaa michache tu kutoka kwetu, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni. Siku zote tunapitana kama mtu na ukuta. Siku hiyo alisimama mbele ya meza ya nyanya, akaniita kwa sauti ya kusikika na soko lote.

"Adolphine! Nasikia dada yako anaingia mu cinéma."

"Nimesikia, mama."

"Muzuri sana. Nilisemaka, banasema Mianda ni muzee wa chuki. Sasa batu bote bataona kwa macho yabo vile alishuka kufunga mutoto wangu mu udongo."

"Mama, hakushuka."

"Ulikuwa kule?"

Sikuwa kule. Siku ile nilikuwa nyumbani nafua.

"Haukuwa kule. Basi funga kinywa, nunua nyanya yako."

Muuza nyanya akacheka. Niliacha nyanya nikarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani nilikata shauri. Kama wangemshusha dada yangu shimoni, wangemshusha mbele yangu, nikiwatazama usoni mmoja mmoja.

Walipiga picha ile ya kushuka shimoni kwenye machimbo ya zamani ya udongo wa matofali, kando ya barabara ya Mutoshi. Laure hakutaka shimo la kweli, aliogopa. Alikodi wachimbaji wa Mukalay wamchimbie jingine, refu kupita kimo cha mtu kidogo, na chini wakatandika magodoro. Mdomoni wakapanga mifuko ya mchanga na kamba juu ya mti, sawasawa na yale ya kwetu. Juu kilining'inizwa chombo cha kumwaga udongo wakati ukifika. Wachimbaji wale wale ndio walivalishwa kuwa wachimbaji wa filamu. Stany alipewa kamba, kwa sababu ndiye aliyejua kuishika.

Mama Mianda alikuwa amewekewa kiti cha plastiki karibu na kamera, kitambaa kipya kichwani, kama mama wa bwana harusi. Alinitazama nikifika, akatema mate kando. Mimi nilisimama nyuma ya gari la mashine. Tata Mukalay alikuwa anazungukazunguka na kofia yake ya plastiki, akionyesha watu pa kusimama. Aliponiona aliacha kuonyesha, kisha akaendelea.

Chancelle, msichana aliyecheza dada yangu, alikuwa mzuri mno, na pagne yake, kitenge cha kiunoni, ilikuwa mpya mno. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Akimbie kutoka kwenye sufuria, wachimbaji wamzuie kidogo, awasukume, ashike kamba.

"Moteur!" Laure akapaza sauti. "Action!"

Chancelle akakimbia akipiga mayowe, "Nkongolo! Nkongolo wangu!" Wachimbaji wakamzuia. Akasukuma. Wakamzuia. Akasukuma tena, mayowe yakamwishia, akabaki anasukuma tu kama mtu anayesukuma gari lililokufa.

"Coupez! Musimame! Bwana, mumuache apite! Munamuzuia kiloko tu, kisha anapita."

"Sawa, madame," wakajibu.

Wakarudia. Hakupita. Wakarudia tena. Safari hiyo Chancelle alianguka, na mmoja wao akamwinua kwa adabu, akampangusa vumbi mgongoni, akamrudisha alikotoka.

"Lakini mweye muko na shida gani?" Laure alisema. Sauti yake ilianza kupanda.

Mchimbaji mmoja mwenye ndevu akavua kofia.

"Madame, shiye tutamuzuia vizuri mpaka mangaribi. Lakini kupita, hapana."

"Ni filamu! Shimo yenyewe si ya kweli. Chini kuko matela!"

"Udongo haijue filamu, madame. Ni ile ile udongo. Jumatatu tunarudia ku mashimo yetu. Ukitaka, muvalishe Stany pagne, ashuke ye."

Wote wakacheka. "Stany atakuwa bibi muzuri!" mmoja akasema. "Ila miguu!" mwingine akaongeza. Stany peke yake hakucheka. Alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili akitazama chini.

Chancelle alikaa juu ya mfuko wa mchanga akavua viatu. "Mi nilisoma théâtre," alisema. "Sikukuya hapa kusukumwa na batu ba matope."

"Rudia kwenu basi, na théâtre yako," sauti ikamjibu kutoka nyuma.

Hapo tata Mukalay akaingia katikati, jasho likimtoka.

"Bajinga! Nasema apite! Mi njo PDG!"

"Weye PDG kule, tata," yule mwenye ndevu akasema. "Hapa PDG ni madame, na madame mwenyewe tumemukatalia."

"Mutamuacha apite ao hamutakula leo, hata mumoja!"

"Tulishindaka njaa mbele yako mara mingi."

Hawakucheka tena. Walisogeleana mabega, mstari mmoja mbele ya kamba, na ilionekana wazi kwamba asingepita mwanamke pale hata angekuja na askari. Niliwatazama. Nilimtazama Mukalay akiwasukuma kwa mikono yake mwenyewe ili wampishe mwanamke. Ndipo miguu yangu ikatoka nyuma ya gari. Sikuwa nimepanga neno lolote.

"Tata Mukalay."

Akageuka. "Nani alileta huyu?"

"Leo kuko kamera," nikasema. "Kuko madame. Kuko weye PDG, unasukuma batu bako, unasema apite. Na hakupita. Ku shimo ya bongo, si ya kweli, yenye matela, hakupita. Ile siku hakukuwa kamera. Hakukuwa mutu mwenye kusema apite. Dada yangu alipitia wapi?"

Upepo ulitikisa turubai la malewa ya uongo.

"Mumutoshe hapa, atoke!" Mukalay akasema. "Ni wazimu ya kilio. Mumutoshe!"

Hakuna aliyeninyanyulia mkono. Nikasikia kiti cha plastiki kikilia. Mama Mianda alikuwa amesimama. Nilidhani anakuja kunipiga, hata nikainua mkono kujikinga. Alinipita. Alikwenda mpaka kwenye mstari wa wachimbaji, nao wakampisha afike karibu na kamba, si mbele zaidi. Akasimama mbele ya Stany.

"Weye njo ulikuwa ku kamba ile siku?"

"Ndiyo, mama."

"Mutoto wangu alipita mbele yako?"

"Alipita, mama. Alinicheka, ju ya kofia yangu ilikuwa imepasuka."

"Na ule mwanamuke?"

Stany alimtazama Mukalay. Mama Mianda akamshika kidevu akamgeuza uso, kama mtoto anayekataa dawa.

"Angalia mi. Alipita?"

"Hakupita, mama."

"Alikuwa wapi?"

"Juu. Pa sufuria yake. Alikuwa anaita batu batoke. Alishaonaka ufa ku ukingo, na mi niliuona. Nilimuonyesha tata Mukalay. Akasema mvua imekwisha, bashuke."

"Bongo! Uongo mutupu!" Mukalay alimrukia, akamshika shati. Kamba ikamtoka Stany mikononi. Wachimbaji hawakumpiga PDG wao, hawakumtukana hata kidogo. Walimfungua vidole tu, kimoja kimoja, kutoka kwenye shati la Stany, wakabaki wamemzunguka wakimtazama. Alisema atawafukuza wote. Alisema atamwita polisi. Kisha akaenda kwenye jeep yake, na nyuma yake mtu mmoja akapiga mluzi ule tunaoitia mbwa. Mpaka leo ana shimo lingine na bado anakula. Sikuandika haya ili kumwonyesha mtu akiadhibiwa. Hakuadhibiwa.

Nilimkaribia mama Mianda. Sijui nilitaka kumwambia nini, labda asante. Aliinua mkono kabla sijafungua mdomo.

"Usinishike. Usifikiri sasa ni mapendo. Mutoto wangu alikuwa na kazi ku shimo ingine, ya batu ba maana. Aliiacha akakuya kwa huyu Mukalay, ju ya bukari ya dada yako. Hakumuua kwa kuingia. Lakini mutoto wangu alikuya ju ya yeye."

"Mama, na yeye angelikuwa nyumbani kwetu mpaka leo kama hakukuwa Nkongolo."

"Basi tuko sawa."

"Tuko sawa, mama."

Tukasimama hivyo, hatua mbili kati yetu, wala hakuna aliyetaka kuzipunguza.

Laure ndiye aliyekuja, vipokea sauti vya masikio shingoni, uso wake ukiwaka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mama. Yaya. Kamera ilikuwa inatembea, imeshika yote. Njo hii! Njo mwisho yenyewe, hakuna kushuka tena, hakuna matela. Lakini..." Akasitasita. "Pikipiki ilipita ku barabara pale Stany anasema. Sauti imeharibika. Tunaweza rudia?"

Damu ilinipanda. Nilimwuliza kama kwao Lubumbashi watu wanarudia kilio ili sauti itoke vizuri. Nilimwambia amemtafuta mfu wa kulilia, sasa amempata, anataka aliliwe tena. Nilisema mengi zaidi, na mengine si ya kuandika. Alisikiliza yote, akajibu "Pardon, yaya," huku macho yake yakiwa kwa mama Mianda.

Mama Mianda alikuwa anajifunga pagne upya kiunoni.

"Hii filamu itafika wapi?"

"Mbali, mama. Kinshasa. Hata ku Bulaya."

"Na jina ya Mukalay itasikika mulemule?"

"Kama bote munasema, itasikika."

"Basi tunarudia." Akanigeukia. "Adolphine, rudia kule ulikuwa. Weye njo unaanza."

"Mama, mi sichezi filamu."

"Hata mi. Simama kule."

Nilikwenda. Chancelle alininyooshea kitambaa chake nifute uso. Nilikikataa, kisha nikakichukua. Laure akapaza sauti, nami nikasema tena maneno yangu, nikimtazama mchimbaji mmoja aliyewekwa mahali pa Mukalay. Yalikuwa mazito kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua jibu. Mama Mianda akanipita tena bila kunitazama, akamshika Stany kidevu tena, akamwuliza tena. Stany akajibu.

"Très bien, muzuri sana," Laure akasema. "Moja tena, karibu zaidi."

Mara ya tatu Stany alikuwa analia kweli, na maneno hayakutoka. Vijana wa Laure wakaanza kutazamana. Nyuma, juu ya tuta la udongo, watu wa Mutoshi waliokuwa wamekuja kutazama walikuwa wengi sasa: wanawake wa kuosha mawe wakiwa na ndoo zao, wapanda pikipiki, wanafunzi, mafundi. Baadhi yao walikuwa nje ya chumba cha maiti siku ile, niliwatambua.

"Sema," mama Mianda akamwambia.

"Hakupita," Stany akasema kwa sauti ya chini.

"Nguvu. Bale ba nyuma habasikii."

"Hakupita!"

"Nani?"

"Mignonne," Stany akasema. "Mignonne hakupita!"